Siku Yohani Alipowekewa Sinia

Matanga ya kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, yana mwendo wake. Mwanzo marehemu ni malaika, kisha anakuwa mtu mwema, na watu wakishashiba pilau mara mbili tatu anarudi kuwa jirani yule yule waliyemjua. Bi Salama alikuwa amefikia hatua hiyo ya mwisho, na wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwake wakichagua mchele, wakati jirani mmoja, sitamtaja maana mwenyewe anajijua, aliposema kwamba Yahya, mtoto aliyemlea, hakuwa halali yake. Alisema mtoto alishika nguo ya yule msichana wa Kamenge, wazee wakaona, na bado Bi Salama akamnyang'anya. Yahya alikuwa nyuma yake na sufuria la maji mkononi. Aliweka sufuria chini, akaja nilipokaa ukutani kwa sababu ya miguu yangu, akachuchumaa. Ni mwanaume wa miaka thelathini, fundi pikipiki, ana mke na binti mdogo anayeanza kutambaa. Kwamba Bi Salama hakumzaa alijua tangu zamani, hakuna aliyemficha. Ila alikuzwa akiambiwa kwamba siku alipotimiza mwaka mmoja aliwekewa vitu kwenye sinia, na katika vitu vyote akachukua tasbihi ya Bi Salama. Hadithi hiyo aliipenda hata akaisimulia kwenye harusi yake. "Mama mudogo," akaniambia, "we ulikuwako. Mi nilimuchagua mama, ao mama alinipokonya?" Nikamwambia aketi vizuri, kwa sababu jibu lake ni refu na linaanzia Ulaya.

Sinia lile lilikuwa desturi ya Malta. Mwaka wa tisini na tano nilikuwa na miaka kumi na minane, shule yetu imefungwa kwa sababu ya vita, na nyumbani wakachoka kuniona nimelala na redio sikioni. Nikapelekwa kujifunza ushonaji kwa Masera Karmena. Masera ndivyo tunavyowaita watawa wa kike, kutokana na Kifaransa. Huyu alikuwa mfupi, mnene kiasi, ana ndevu tatu kidevuni ambazo hakuzihangaikia, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa hiyo aliongea kama sisi, tena kwa sauti kubwa. Nyumba yake ilikuwa Buyenzi makusudi. Wasichana wa mtaa wa Ngagara hawakuweza tena kwenda mtaa wa Kamenge, wa Kamenge hawakuweza kukanyaga Ngagara, lakini kwetu, kwa Waswahili, bado walikuwa wanaweza kuja wote, angalau mchana. Nani alikuwa kabila gani sitaandika. Waliokuwako wanajua, na wasiokuwako hawatapungukiwa na kitu.

Chumba cha kukatia kilikuwa na meza moja ndefu, cherehani za kukanyaga kwa mguu, ramani ya dunia, na saa mbili ukutani ambazo hazikupatana hata siku moja. Siku ya kwanza nilidhani moja imeharibika. Masera akasema kwamba kwao makanisa mengi yana saa mbili mbele, moja ya kweli na moja ya uongo, ili shetani asijue misa inaanza saa ngapi na asije kuvuruga. Alisema hivyo bila kucheka, huku akipaka mafuta cherehani. Bi Salama, aliyekuwa mlangoni na furushi la vitambaa, alisema shetani wa Buyenzi hahitaji saa ya ukutani, anasikiliza adhana kama watu wote. Bi Salama alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mjane, hana mtoto, ana uwanja mkubwa wenye vyumba vya kupangisha na magoti mabovu yaliyomzuia kukaa chini. Ndiye aliyetuletea vitambaa na nyuzi, na kila akija alikaa mpaka jioni, maana alipenda maneno kuliko biashara. Kwa kweli hakukaa, alisimama. Aliegemea fremu ya mlango na kutoka pale akatuendesha sote.

Malta tulionyeshwa kwenye ramani. Tuliiona ni kama kinyesi cha nzi, na Spes, msichana wa Kamenge ambaye habari hii ni yake, alijaribu kuikwangua kwa ukucha. Nchi nzima, Masera alisema, ni ndogo kuliko mkoa wetu wowote wa bara, na wenyewe hawana mto hata mmoja. Lakini wana majengo ya mawe yaliyotangulia mapiramidi ya Misri, na wazee wao walipoyaona makubwa vile wakasema yamejengwa na jitu, tena la kike. Wana lugha yao, ambayo ni mtoto wa Kiarabu ingawa wanaiandika kwa herufi za Kizungu. Tulikuwa tunamsikia akihesabu mishono kwa sauti ya chini, na akifika sita, saba na tisa tunamwelewa, tunacheka. Mungu wao wanamwita Alla, na ile mifungo yao ya kabla ya Pasaka wanaiita Randan, na wote ni Wakatoliki wa kuapa. Bi Salama akatoa hukumu kwamba Karmena ni Mwislamu aliyepotea njia, na kwamba Inshallah atarudi. Masera akakubali kwamba Waarabu walikaa kwao muda mrefu, wakaondoka, maneno yakabaki. Aliongeza kwamba baadaye kisiwa kizima kilipewa mashujaa wa msalaba kwa kodi ya ndege mmoja wa kuwinda kila mwaka, kipanga. Bi Salama, mwenye nyumba za kupangisha, aliona mwenye kisiwa alikuwa mjinga. Yeye angedai walau kuku.

Ninayasema haya kwa sababu watu wakiuliza vita ilikuwaje wanatarajia nianze na maiti. Maiti zilikuwako. Lakini siku nyingi zilikuwa ni meza ile, na mkate wa Masera. Saa sita tuliacha kazi, naye akakata mikate mirefu ya kifaransa, akasugua ndani nyanya iliyoiva mpaka mkate ukawa mwekundu, akanyunyiza chumvi, na kwa kuwa mafuta ya zeituni hayakupatikana Bujumbura nzima, akamimina mawese. Kwao, alisema, hicho ndicho chakula cha mkulima na cha mvuvi na cha mtoto wa shule. Sisi tuliongeza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga, na tukifanya hivyo alifumba macho kama mtu anayeumia, kisha akala. Alikuwa ameona njaa. Alipokuwa mtoto kisiwa chao kilizingirwa kwenye vita ya wakubwa, ile ya pili ya dunia, meli hazikufika, watu wakalala kwenye mapango waliyochimba kwenye mwamba na kupanga foleni na sufuria kungoja supu ya serikali. Baadaye mfalme wa Waingereza akakipa kisiwa kizima nishani, kila mtu, mpaka watoto. Siku moja mizinga ilikuwa inasikika upande wa Kamenge, cherehani zote zimesimama, akatuhadithia jinsi bomu lilivyotoboa paa la kanisa la duara, likaanguka katikati ya watu waliokuwa wanangoja misa, likabiringika sakafuni na lisilipuke. Aliisema ili kututuliza. Spes alikuwa na mtoto mgongoni, anamtikisa polepole. Akauliza: "Na yale mengine, Masera?" Masera akaangalia mkasi wake, akasema yale mengine yalilipuka. Tukarudi kwenye kazi.

Mtoto yule mgongoni ndiye Yahya, na wakati ule aliitwa Yohani. Hakuwa wa Spes. Alikuwa wa jirani yao, na siku watu wa mtaa wao walipokimbia, mama yake alimkabidhi Spes kwenye njia ili arudi ndani kuchukua kitu. Kitu gani, Spes hakukijua. Mama yule hakutoka tena. Spes alivuka daraja la mto Ntahangwa na mtoto amefungwa kwenye ngobyi, kile kitambaa cha kubebea mgongoni, cha maua ya kahawia yaliyofifia, akaja kubisha kwa Masera kwa sababu hakujua mlango mwingine. Alikuwa wa rika langu. Alikuwa mkali, mchoyo wa maneno, na mshonaji bora kuliko sisi wote, na kwa mtoto yule alikuwa kama simba. Walilala kwenye chumba cha kukatia, chini ya meza. Mchana mtoto alipita mikono yetu yote, akitambaa na ngobyi yake akiiburura, na yeyote aliyesimama alimpelekea ngobyi miguuni, maana yake nibebe. Aliyekaa hakumshughulikia. Mwenye kukaa hambebi mtu, hilo alikuwa ameshalijua kabla ya kujua kusema.

Na kwa kuwa aliyesimama kila siku ni Bi Salama, Bi Salama akanasa. Mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kuitwa mama akaanza kuja asubuhi kabla hatujafungua. Aliacha vitenge vyake kwa mtu mwingine. Mwishowe alisema wazi, mbele yetu sote, kwamba anamtaka. Ilikuwa ni wakati ule vijana wa mtaa walipoanza kupita mlangoni wakiuliza kama bado kuna mtu wa Kamenge ndani. Buyenzi haikuwa tena mahali pa Spes. Mjomba wake alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Uvira, na gari lilipatikana la kumvusha kupitia mpaka wa Gatumba. Kila mtu alijua habari za kambi, kwamba watoto wadogo wanaharisha na kufa, na Yohani kifua chake kilikuwa kinalia tangu mvua zianze. Bi Salama akasema mtoto abaki, yeye ana nyumba, ana maziwa, na vijana wale hawawezi kuingia kwake. Spes akasema mama wa mtoto alimpa yeye. Akasema tena kwamba akibaki atageuzwa jina na dini, na mama yake akitokea siku moja hatamtambua. Masera alisikiliza huyu, akasikiliza yule, akarudi kwenye cherehani yake. Usiku Spes alimkumbatia mtoto kana kwamba tutamwiba, na sikumlaumu hata kidogo.

Sasa ndipo Masera alipofanya kosa lake, kwa nia njema kabisa. Yohani alikuwa anatimiza mwaka. Spes aliijua siku kwa sababu alikuwako akizaliwa. Masera akasema kwao mtoto akitimiza mwaka wanamwekea sinia la vitu mbalimbali, wanamwachia atambae, na kile anachokishika kwanza ndicho kazi yake ukubwani. Kalamu ni karani, mkasi ni fundi cherehani, rozari ni padri. Watu wanacheka, wanakula keki. Alitaka tucheke, basi. Lakini Bi Salama aliisikia kutoka mlangoni, nusu yake, na akaondoka bila kuaga. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba watu wa Malta wana njia ya kumuuliza mtoto mwenyewe anataka kukaa na nani. Masera alipinga, akaapa kwamba ni mchezo, lakini nani angemwamini? Kwetu hakuna anayemtandikia mtoto mkeka, akamzungushia watu wazima na kumwekea vitu mbele yake bure bure. Wanawake waliona ni busara kubwa, na iliwashangaza kwamba nchi ndogo vile iliipata peke yake. Bi Salama akasema yeye atakubali chochote mtoto atakachosema. Tukamgeukia Spes tukitegemea awake moto, naye akasema: "Sawa. Aseme yeye mwenyewe." Niliwaza sana juu ya jibu lile baadaye. Alikuwa na hakika ya ngobyi yake, hilo moja. Lakini nadhani pia alikuwa amechoka, msichana wa miaka kumi na minane, kuwa peke yake katika kuamua kama mtoto wa mwenzake ataishi.

Sinia lilikuwa la Bi Salama mwenyewe, la shaba, lile la pilau. Masera aliweka yai la kuchemsha, kalamu, rozari, futi ya kupimia, na mkasi alioufunga uzi ncha. Bi Salama akaweka tasbihi yake ya kijani, na pembeni, kana kwamba zimemponyoka mkononi, visheti vitatu vya sukari. Masera akaviondoa. Wakatazamana, na Bi Salama akasema mtu akijaribu si dhambi. Spes akaweka ngobyi, ameikunja vizuri kama nguo ya kuuza. Sote tukaketi kuzunguka mkeka, na watu wa nje wakajaza dirisha. Bi Salama alibaki amesimama mlangoni, kwa sababu ya magoti. Nasema hili taratibu kwa sababu kila kitu kiko hapo, na mtaa mzima ulikuwa unaangalia sinia, hakuna aliyeangalia magoti ya Bi Salama.

Yohani alianza na yai. Lilimkimbia, akaliacha. Akaonja rozari, akaitema. Kisha akaitwaa tasbihi, akaitikisa, na ikalia, na Bi Salama akasema Alhamdulillah kwa sauti iliyofika dirishani. Kwa hiyo hakuwa mwongo kabisa miaka yote ile, tasbihi aliishika. Lakini aliitupa. Akaona ngobyi yake. Akaivuta, sinia likapinduka, mkasi na kalamu vikatawanyika, na saa zote mbili zikasikika. Spes alikuwa amefungua mikono na uso wake wote. Mtoto akasimama, akayumba, akaburura kitambaa, akampita Spes karibu kabisa, akaenda mpaka mlangoni, akamwekea Bi Salama ngobyi miguuni na kunyoosha mikono.

Hapo makelele yakaanza. Dirishani walisema amechagua nguo ya Spes, wengine wakasema amechagua Bi Salama, na mwanaume mmoja akataka lirudiwe upya. Masera alifunika uso kwa aproni. Mimi nilijua mtoto alichofanya, na Spes alijua, kwa sababu tuliishi naye. Spes angeweza kusema. Angeweza kusimama tu, na mtoto angerudi kwake na ngobyi ile ile, na hakuna ambaye angembishia. Bi Salama naye hakuinama kumchukua. Alimtazama Spes, anangoja, na kwa hilo nilimheshimu mpaka siku ya kumzika. Spes akakaa vile muda. Mtoto akakohoa. Kisha Spes akainuka, akaokota ngobyi, akamgeuza Bi Salama mgongo kwa kumshika mabega, akamwinua Yohani, akamfunga mgongoni mwa mwanamke yule. Alimfunga polepole. Alimwonyesha pindo la chini lipite wapi, na akavuta mguu wa kushoto wa mtoto utoke zaidi, kwa sababu hakupenda kubanwa. Alipomaliza aliweka mkono mgongoni mwa mtoto, akasema:

"Magaribi akilia, usimupe kula. Si njaa. Anataka kutembezwa."

Bi Salama akaitikia ndiyo, mama. Alimwita mama, yeye mtu mzima wa kumzaa. Kesho yake asubuhi Spes akaondoka na gari la Gatumba, na kitambaa hakukichukua. Mwaka uliofuata vita ikaingia Uvira, kambi zikatawanyika, watu wakakimbilia misituni, na tangu hapo hakuna aliyeniletea habari zake, ingawa nimeuliza kila mtu aliyerudi kutoka upande ule, hata wale ambao nilijua hawajui. Bado nauliza. Masera alibaki na sisi miaka kadhaa, kisha uzee ukamrudisha kisiwani kwake. Kabla ya kuondoka alinipa ile saa ya uongo, na iko kwangu sebuleni, inawasumbua wageni. Kuhusu sinia aliniambia mara moja tu, kwamba kwao wangecheka na kula keki, na kwamba hakuwahi tena kumfanyia mtoto mwingine.

Yote haya nilimwambia Yahya pale ukutani, na yalichukua muda, maana watu walikuja kunipa pole katikati. Alisikiliza akiangalia mikono yake. Nilipofika kwenye tasbihi alitabasamu kidogo, na nilipofika mlangoni akaacha. Mwishoni akauliza tena, kwa kuwa wanaume wanapenda jambo lifungwe, sasa alichagua nani. Nikamwambia hakuchagua mtu, alikuwa anataka kubebwa, na mama yake alikuwa amesimama. Aliyechagua alikuwa Spes. Nikamwambia pia kwamba nisingependa kusikia tena neno kunyang'anya uani humu, na nilisema kwa sauti ya kumfikia yule jirani wa mchele, ambaye aliinamia ungo wake.

Yahya akasema kwamba mama yake alikuwa akimzungusha uani kila magharibi, na magoti yale yale, hata wakati wa amri ya kutotoka nje, kutoka kisimani mpaka mlango wa mwisho na kurudi. Aliendelea hata Yahya alipokwisha kuanza shule. Hakumbeba tena, alimshika mkono tu. Wenzake walimcheka, akamwomba mama aache, na mama akasema hawezi, ameagizwa. Hakumuuliza ameagizwa na nani. Alidhani ni Mungu.

Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia, na wanawake walikuwa wanakusanya ungo na mikeka. Binti yake, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka, akaamka na kuanza kulia, na mama yake akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha uji. Yahya akamwambia apana, si njaa, akasimama.